Mashua Iliyoshonwa

Mapema mwaka 1963, Uingereza ikiwa imeganda katika baridi ambayo wazee wa hapa hawajaisahau, gazeti la Daily Mirror liliwatangazia wasomaji wake, wengi wao watu wa viwandani, kwamba nao wanaweza kuwa na mashua ya tanga. Bei yake ilikuwa paundi 63 na shilingi 11. Kibarua wa wakati ule alipata kama paundi 16 kwa wiki, kwa hiyo ni mshahara wa mwezi mmoja. Mchezo uliohesabiwa kuwa wa mabwana ukaletwa mlangoni ndani ya sanduku, mbao zikiwa zimeshakatwa, kazi ya kuziunganisha ukaachiwa wewe na wanao.

Mashua hiyo waliiita Mirror. Aliyeibuni ni Jack Holt, fundi aliyekuwa na karakana Putney, ukingoni mwa Thames, akishirikiana na Barry Bucknell, ambaye watu walimjua kwa kufundisha ufundi wa nyumbani katika televisheni. Urefu wake ni mita 3.3 na uzito wa bodi ni kilo 45 hivi, mzigo wa watu wawili. Omo yake imekatwa bapa, haina ncha. (Mtu wa pwani akiiona atadhani fundi aliishiwa mbao.) Mlingoti ni mfupi na juu yake hupandishwa foromali, basi ukishusha vyote vinaingia ndani ya mashua, unaifunga kwenye trela nyuma ya gari na kwenda zako. Matanga yake ni mekundu, rangi ya gazeti lenyewe.

Lakini kinachotugusa sisi Waswahili ni jinsi inavyoundwa. Mbao nyembamba za plaiwudi hutobolewa pembeni, zikashonwa kwa waya wa shaba, kisha mishono ikafunikwa kwa utepe wa faiba na gundi. Ni mashua ya kushona!

Wapenzi wasomaji, hatusemi kwamba Holt aliiba ufundi Lamu. Tunasema tu kwamba pwani yetu ilijulikana kwa kazi hiyo tangu karne ya kwanza, pale mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alipoitaja bandari ya Rhapta, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni ulikuwa wa ukoo huo: mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, tanga la mkeka, omo kama shingo ya ngamia, na shehena ya boriti. Ulivuja, mabaharia wakafua maji mchana na usiku, lakini ulipogonga mwamba ulinepa. Tofauti ni kwamba kamba ya mtepe ilishika chombo maisha yake yote, na waya wa Mirror, gundi ikishakauka, kazi yake imekwisha.

Mwaka huohuo wa 1963, Desemba, Zanzibar na Kenya zilipata uhuru. Mitepe ilikuwa imekwisha kutoweka baharini miongo kadhaa nyuma. Ule wa mfano uliojengwa mwaka 2003 uliwekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar, na mwaka 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Mirror nazo zimeundwa zaidi ya 70,000.

Kwetu bahari ilikuwa kazi kwanza. Si kwamba raha haikuwapo, maana mashindano ya majahazi Lamu mpaka leo hujaza watu ufukweni, lakini baba kumchukua mke na watoto wakazunguke tu na upepo, wengi wetu hatukuzoea. Tulipofika London tukayaacha maji kwa wenyewe. Tunapita Thames kila siku kwa basi, tunakaa karibu na bwawa la Welsh Harp, ambako matanga huonekana mwaka hadi mwaka, na watoto wetu hawajui omo wala tezi, goshini wala demani.

Mirror kuukuu hupatikana kwa bei nafuu, nyingi zimelala kwenye bustani za watu chini ya turubai. Ukiipata, kagua kwanza mishono ya chini, kwa sababu maji ya mvua yakituama ndani, plaiwudi huanza kuoza hapo.