Mchezo wa Wafu: Habari za "Rwanda 94"

Katika misioni zetu mchezo ujulikanao na wote ni ule wa Mateso ya Bwana wetu. Kila mwaka Kwaresima ikikaribia kwisha, katekista huzunguka akitafuta watu: huyu awe Petro, yule awe Pilato. Petro hupatikana upesi. Yuda hapatikani. Kila kijana aombwaye hukataa, kwa kuwa ajua mtaa mzima utamwita jina hilo mpaka Noeli. Mimi nimeyaona hayo mara nyingi, nami nimecheka. Lakini nataka kuwasimulia habari za mchezo mwingine, ambao ndani yake swali la nani aseme maneno gani halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo. Mchezo huo waitwa "Rwanda 94". Uliundwa na Wabelgiji pamoja na Wanyarwanda.

Mambo ya mwaka 1994 hayana haja ya kuelezwa sana kwa watu wa Kivu. Tangu tarehe 7 Aprili mpaka katikati ya Julai, watu zaidi ya 800,000 waliuawa nchini Rwanda. Walio wengi walikuwa Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki uovu huo. Wazee wetu wa Goma na Bukavu waliona mwisho wake kwa macho yao, barabara zilipojaa wakimbizi na kipindupindu kikaingia kambini.

Huko Liège, mji wa Ubelgiji, palikuwa na kundi la watu wa teatro liitwalo Groupov, lililoanzishwa mwaka 1980 na Bwana Jacques Delcuvellerie. Hao walitazama habari za Rwanda katika televisheni, nao wakakasirika mara mbili. Walikasirika kwa sababu ya maiti, tena kwa sababu ya namna maiti hao walivyosimuliwa: kana kwamba ni ugomvi wa zamani wa makabila, watu wasio na majina wala jamaa. Wakaazimu kutengeneza mchezo. Kazi hiyo ilidumu miaka ipatayo minne.

Ingekuwa rahisi kwao kusoma vitabu, kuandika maneno, na kuwapa wachezaji wao wa Liège wayaseme. Wengi wamefanya hivyo juu ya Afrika, na makofi wakapigiwa. Groupov hawakufanya hivyo. Walimwendea Bibi Yolande Mukagasana, muuguzi wa Kigali, ambaye mume wake na watoto wake watatu waliuawa, naye mwenyewe akaokolewa na mama mmoja Mhutu aliyemficha nyumbani mwake. Hakuwa amejifunza teatro. Walimwomba aketi juu ya kiti, mbele ya watu, aseme. Ndivyo mchezo uanzavyo: mama mmoja ameketi peke yake, awaambia watu waziwazi kwamba yeye si mchezaji, kisha asimulia yaliyompata. Hakuna anayejifanya muuaji kando yake, wala anayejifanya mtoto wake. Naye hakuhesabiwa kuwa shahidi tu. Jina lake limeandikwa kati ya watungaji watano, pamoja na Marie-France Collard, Delcuvellerie mwenyewe, Jean-Marie Piemme na Mathias Simons.

Katika kundi hilo alikuwamo pia kijana mmoja Mnyarwanda, Dorcy Rugamba. Wasomaji wengine watalitambua jina la ukoo huo. Baba yake, Cyprien Rugamba, alikuwa mshairi na mwalimu mkuu wa ngoma za kwao, ndiye aliyeanzisha kundi la Amasimbi n'Amakombe. Baada ya kurudi katika imani aliileta Rwanda, yeye na mkewe Daphrose, Jumuiya ya Emmanuel, mwaka 1990, nao waliwatunza watoto wa barabarani wa Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, baada ya kukesha mbele ya Ekaristi Takatifu, waliuawa pamoja na watoto wao sita. Kesi ya kuwatangaza wenye heri ilifunguliwa Kigali mwaka 2015. Sisi twamkumbuka baba katika sala. Mtoto wake alikwenda Liège kujifunza teatro, akasimama jukwaani kuwasemea wafu.

Maana wafu nao wana nafasi yao katika mchezo huo. Kuna kwaya yao, na Wanyarwanda ndio walioifanya: kila mmoja ni mtu aliyeuawa, asimulia alivyouawa na wapi. Wafu huingia hata ndani ya televisheni, hukatiza habari za Ulaya na kusema kwa Kinyarwanda, mpaka mwanamke mmoja mwandishi wa habari ashindwe kulala, aanze kutafuta sababu. Muziki ulitungwa na Garrett List, Mmarekani aliyekaa Liège, nazo nyimbo za Kinyarwanda zilitoka kwa Jean-Marie Muyango. Mwisho wote huimba habari za Bisesero, milima ile ambapo Watutsi walijitetea kwa mawe na mikuki kwa majuma mengi. Mchezo mzima wachukua saa zipatazo sita. Yeyote alalamikaye kwamba Ijumaa Kuu ni ndefu na akumbuke hayo!

Sasa nifike mahali panapotuuma. Katikati ya mchezo Delcuvellerie mwenyewe hujitokeza na kufundisha kama mwalimu darasani: namna Wabelgiji, katika miaka ya 1930, walivyoandika kabila la kila mtu katika karatasi yake, na namna jambo hilo lilivyokuja kuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Mbelgiji asimuliaye hayo hawezi kujifanya mgeni. Kule Kicukiro, tarehe 11 Aprili 1994, askari Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya Wasalesiani, wakaacha nyuma watu 2,000 hivi, nao wakauawa wengi. Wala mkristu hawezi kujifanya mgeni, kwani mchezo unaiuliza Eklezya pia. Watu walikimbilia makanisa ya Nyamata, Ntarama na Nyange wakidhani ni kimbilio, na humo wakafa. Wako mapadri na watawa waliokufa pamoja na kondoo wao. Wako pia waliosaidia wauaji. Najua wakristu wema waliochukizwa na maswali ya namna hiyo, wakasema ni maneno ya maadui wa dini. Mimi nakataa. Maaskofu wa Rwanda wenyewe waliomba msamaha mwezi wa Novemba 2016, kwa barua iliyosomwa katika parokia zote, na Baba Mtakatifu Fransisko naye tarehe 20 Machi 2017. Watu wa teatro walikuwa wameuliza miaka mingi kabla.

Sehemu yake ilionyeshwa Avignon, Ufaransa, mwaka 1999, na mchezo kamili Liège mwaka 2000. Mwaka 2004, katika ukumbusho wa miaka kumi, waliupeleka Rwanda. Hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa. Mtu wa Liège aweza kusikia ushuhuda wa Bibi Yolande akalia kwa huruma. Mtu wa Kigali husikia nyumba yake mwenyewe. Wangeweza kukataliwa. Lakini wengine kati ya wale walioketi kusikiliza walikuwa ndio wenye habari, na wengine kati ya wale waliosimama jukwaani walikuwa ndugu zao.

Na kwetu? Mwaka 2015 Mswisi Milo Rau alikuja Bukavu. Yeye alikuwa ametengeneza mwaka 2011, pamoja na wachezaji wa Rwanda na Ubelgiji, mchezo juu ya redio ile ya chuki ya RTLM. Safari hii hakuandika mchezo wa maneno. Pamoja na wanasheria Wakongo aliunda baraza la hukumu katika Collège Alfajiri ya Mapadri Wayezuiti, kwa siku tatu, mwishoni mwa Mei. Wachimba madini walisema, na jamaa za waliouawa Mutarule mwezi wa Juni 2014 walisema, na watu wa serikali walijibu. Baraza hilo halikuwa na uwezo wa kumfunga mtu hata mmoja gerezani. Wote waliokuwamo walilijua hilo, na mashahidi walikuja hata hivyo.