Kutoka Mpangaji hadi Mmiliki: Funzo la Magomeni Kota

Historia ya ardhi tunayojifunza mara nyingi huhusu wafalme, wakoloni na mipaka. Mpangaji haonekani sana ndani yake, ingawa miji ya Afrika Mashariki imejaa watu waliozeeka katika nyumba za umma wakilipa kodi kila mwezi. Katika insha hii nachunguza swali moja: mpangaji wa nyumba ya umma anapotaka kuinunua, miaka aliyokaa ndani yake ina thamani gani? Mfano wangu mkuu ni Magomeni Kota, jijini Dar es Salaam.

Jibu lililovuma zaidi duniani lilitolewa Uingereza. Sheria ya Nyumba ya 1980, chini ya serikali ya Margaret Thatcher, ilimpa mpangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba aliyoishi. Aliyekaa miaka 3 alipunguziwa asilimia 33 ya bei, na aliyefikisha miaka 20 asilimia 50. Yaani muda wa kukaa ulihesabiwa kama sehemu ya malipo. Familia nyingi zilifaidika. Lakini halmashauri zilibanwa zisitumie sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga nyingine, hivyo waliokuja baadaye wakakuta foleni ndefu.

Tanzania ilifuata njia yake. Mwaka 2002 serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliamua kuwauzia watumishi wa umma nyumba za serikali, na kazi hiyo ikasimamiwa na Wakala wa Majengo (TBA). Watumishi waliokwisha kupata nyumba walishukuru. Muda si mrefu malalamiko yakasikika kwamba viongozi wapya walioteuliwa hawana pa kukaa na serikali inawalipia hoteli. Nyumba iliyokuwa ya cheo ilikuwa imegeuka kuwa ya mtu.

Magomeni Kota ni tofauti, kwa kuwa wapangaji wake walikuwa wananchi wa kawaida. Kota hizo kuukuu zilikuwa chini ya Manispaa ya Kinondoni. Wakazi waliondolewa, nyumba zikabomolewa ili eneo liendelezwe upya, kisha miaka ikapita bila jengo kuinuka. Kaya 644 zilitawanyika, lakini hazikuacha kudai. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe maghorofa mahali palepale, waishi humo miaka 5 bila kulipa kodi, kisha wauziwe. TBA ilijenga, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua. Hapo mjadala ukahamia kwenye bei, maana wengi wa wakazi hao walikuwa watu wa kipato kidogo na wazee.

Kwa maoni yangu, kilichowaokoa wakazi wa Magomeni ni orodha. Hawakuwa na hati ya kiwanja. Walikuwa na majina 644 yaliyojulikana, na kumbukumbu ya kuishi pamoja ambayo haikubomolewa na tingatinga. Ile miaka 5 ya kukaa bure ilikuwa njia ya serikali kukiri kwamba mpangaji wa muda mrefu anadai kitu, hata kama sheria haijakipa jina.

Hata hivyo, upande wa pili haukwepeki. Nyumba ikiuzwa, inatoka mikononi mwa umma. Kijana anayeingia Dar es Salaam leo na begi moja hatapata chumba cha kota pale Magomeni. Kwa hiyo naona mauzo ya haki yana masharti mawili: miaka ya mpangaji ihesabiwe katika bei, na fedha inayopatikana ijenge nyumba ya mpangaji ajaye. Uingereza ilitimiza la kwanza ikaliacha la pili.

Hapa Nyundo suala hili si la mbali. Mto Sebeya ulipofurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, ulibomoa nyumba bila kuuliza ni ya nani. Maafa yanapopita, mwenye nyumba huulizwa kiwanja chake kilikuwa wapi. Mpangaji haulizwi hivyo, kwa sababu hana. Magomeni inatuonyesha kwamba hata yeye anaweza kuhesabiwa, mradi jina lake liwe limeandikwa mahali kabla nyumba haijaanguka.