Kioo cha Televisheni na Lugha ya Kwetu

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani jioni, akaniamkia, kisha akakaa kimya. Alikuwa amemaliza chuo cha uandishi wa habari, na siku hiyo alitoka kwenye usaili katika kituo kimoja cha televisheni. Walimpa taarifa ya habari aisome. Walipomaliza kumsikiliza wakamwambia kwamba sauti anayo, lakini lafudhi yake ni ya shamba, na kwamba atafaa zaidi nyuma ya kamera kuliko mbele yake.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani Kiswahili cha kwetu si Kiswahili?"

Sisi ni watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Swali lake sikulijibu usiku ule, na tangu hapo nimekuwa nikilifikiria. Nimeona kuwa ili kulijibu hapana budi nirudi nyuma kidogo, nieleze jinsi televisheni ilivyotufikia na nani aliyepewa nafasi ya kusema ndani yake.

Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, haikuanza matangazo ya televisheni kwa nchi nzima hadi mwaka 1976. Serikali ya Mapinduzi iliitaka televisheni iwe chombo cha kuelimisha wananchi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nakumbuka tukikaa chini kwenye jengo la jumuiya, watoto mbele, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Siku moja ikaonyeshwa ngoma ya shamba, na bibi mmoja jirani yetu akasimama akisema kwa sauti, "Hao ni sisi!" Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha furaha. Alikuwa amejiona kiooni, akajua kwamba naye yumo katika nchi.

Ng'ambo ya maji, Tanzania Bara ilichagua njia nyingine. Mwalimu Nyerere na wenzake waliona televisheni ni anasa ya watu wachache wa mjini, wakati wananchi walio wengi wanaishi vijijini bila umeme. Redio ndiyo iliyopewa kazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kiasi cha milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Hilo ni jambo kubwa, na anayedhani elimu haiwezi kuenea bila picha na alikumbuke. Lakini uamuzi ule ulikuwa na gharama yake. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango, na vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994, mafundi na watayarishaji waliozoea kazi ya picha walikuwa haba. Wengi walitoka redioni na magazetini, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Saa za matangazo zilikuwa nyingi, vipindi vya kwetu vilikuwa vichache, na pengo likajazwa na vipindi vya nje. Televisheni ya taifa yenyewe, yaani TVT, ilikuja mwishoni mwa muongo ule.

Kenya walitangulia. Huko Nairobi chuo cha kuwafundisha watu wa utangazaji kilianzishwa mwaka 1961, na televisheni ikaanza mwaka uliofuata. Baadaye wakapata michezo ya Kiswahili iliyopendwa hata huku kwetu, kama vile Vioja Mahakamani na Vitimbi. Nani asiyemkumbuka Mzee Ojwang? Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini alicheza kama mzee wa Kijaluo, na Kiswahili chake chenye lafudhi ya Ziwani kilituvunja mbavu. Nami nilicheka pamoja na wengine. Ila siku hizi najiuliza: mbona lafudhi ya mtu wa kawaida ilikaribishwa kwenye vichekesho, na kwenye taarifa ya habari haikukaribishwa? Mtu akikuruhusu uingie nyumbani kwake kwa sharti la kumchekesha tu, huwezi kusema umekuwa mgeni wa heshima.

Watu husema Kiswahili sanifu ni lazima kiwe kimoja ili tuelewane. Ni kweli. Lakini usanifu huo una historia yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja, yaani lugha ya mjini Zanzibar, kuwa msingi, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Kimvita hakikuchaguliwa, ingawa kilikuwa na hazina ya tenzi. Kimakunduchi, kilicho mwendo mfupi tu kutoka mjini hapo hapo kisiwani, hakikufikiriwa. Uamuzi ule ulikuwa wa kiserikali, kwa ajili ya vitabu vya shule. Haukusema kwamba wengine wote wanasema vibaya. Hilo tuliliongeza wenyewe.

Na hapa ndipo ninapopaona pagumu, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtoto alipojibu kwa maneno ya kwao, nilimsimamisha mbele ya wenzake na kumwambia arudie "kwa Kiswahili." Darasa lilicheka. Dada yangu mdogo, mama yake binti huyu, alipita katika darasa langu. Nilidhani ninawafungulia dunia, na pengine kwa sehemu nilikuwa nikiwafungulia. Lakini wale waliomwambia mpwa wangu kwamba ana lafudhi ya shamba walifundishwa na mtu, na mtu huyo alifanana sana nami.

Mambo yanabadilika, ingawa polepole. Tangu mwaka 2014 watoto wetu wanatazama Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, inayofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na wahusika wake wanafanana na watoto wa mitaani kwetu. Mjukuu wangu huwajibu kwa sauti kubwa, kama yule bibi wa jengo la jumuiya.

Wiki iliyofuata nilimwita mpwa wangu. Nilimwambia kwamba Kiswahili cha kwetu ni Kiswahili, na kwamba mimi ni mmoja wa waliomfanya aulize. Akaniambia, "Mama alishanisimulia, mjomba." Hakuongeza neno, wala sikumwomba aongeze.

Sasa anahariri picha katika kituo kingine. Juzi alinionyesha kipindi kuhusu wakulima wa mwani. Wanawake wale wanasema kwa lahaja yao tangu mwanzo hadi mwisho, bila mtu mwingine kusema juu ya sauti zao. Nilikitazama mara mbili. Kila neno nilielewa.