Msasa wa Lualaba: kutoka jani hadi betri

Kabla maduka ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, hayajaanza kuuza msasa wa karatasi, misitu ya kando ya mito ilikuwa ikiutoa bure. Msasa ni mti wa jamii moja na mkuyu, unaoota kuanzia Senegal hadi Msumbiji. Majani yake yana vinywele vifupi, vigumu, vyenye silika, madini yale yale yanayofanya mchanga na kioo. Ukilipitisha jani kwenye kucha, litakuachia unga mweupe. Fundi hulikunja, akasugua kwa kufuata nyuzi za mti, na likishalainika hulitupa akachuma jingine. Wachongaji wa Kiluba, ambao viti vyao vya kifalme vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya, walimalizia kazi kwa majani makali ya aina hii, kisha wakapaka mafuta.

Jani hilohilo lilitumiwa pia na wachonga mitumbwi wa Mto Lualaba. Mto huo umeandikwa sana, lakini karibu kila mara umeandikwa kwa sababu ya shaba. Aliyechonga chombo cha kuuvuka hatajwi. Naona hilo ni deni, kwa sababu ushahidi wa watu wa mto huu ni wa zamani kuliko ule wa kampuni yoyote ya madini. Mwaka 1957 wanaakiolojia walianza kuchimba makaburi ya Sanga, ufukoni mwa Ziwa Kisale, kaskazini mwa Kolwezi. Wakakuta vyungu, mapambo ya shaba, ndoana za kuvulia samaki na zana za chuma. Mengi ya makaburi hayo ni ya kati ya karne ya 8 na ya 14. Mitumbwi yenyewe ilishaoza, lakini katika bonde lile la maziwa na matete hakuna mvuvi anayefika mbali bila chombo.

Mtumbwi wa gogo haulainishwi kwa msasa mwili mzima, na hapa ndipo wageni wengi hukosea wanapouona. Kazi kubwa ni ya tezo. Shoka hutoa umbo, tezo hufuata kwa mapigo mafupi yanayopishana kidogo, na fundi mzuri huacha ubavu wenye alama za bapa, ndogo kama kucha, zisizo na kibanzi hata kimoja. Mafundi wengine huubabua mtumbwi kwa moto wa majani makavu, wakakwangua masizi. Moto huo huua wadudu na kuondoa nyuzi zilizosimama. Jani la msasa huja mwisho, na huja mahali pachache: kwenye ukingo ambako wavu hupita, maana wavu ukinasa kwenye kibanzi hutatuka, na pale mpiga kasia anapoegemeza paja. Mti wenyewe husaidia. Mninga, unaopatikana katika misitu ya miombo ya Katanga, hauvimbi wala kusinyaa sana unapolowa na kukauka, kwa hiyo kilicholainishwa hubaki laini.

Malori ya migodini yalipofika, springi zake zilizovunjika zilipata kazi ya pili. Mhunzi huzikata, huzipasha moto na kuzifua kuwa tezo, na chuma hicho hushika makali vizuri.

Chombo cha mbao za kupigwa randa kiliuona mto huu mwaka 1876, mpelelezi Henry Morton Stanley alipoifikisha Nyangwe, ukingoni mwa mto, mashua yake, Lady Alice. Ilikuwa na urefu wa futi 40, iliundwa Teddington nchini Uingereza, na iligawanywa vipande ili Wangwana kutoka Unguja waibebe mabegani. Mashua hiyo ilikuwa mgeni kati ya mitumbwi. Kwenye maporomoko ya sehemu za chini za mto msafara ulipoteza mitumbwi mikubwa, na watu walewale waliobeba Lady Alice walishika mashoka wakachonga mingine kutoka miti ya msituni, mwaka 1877. Vitabu vimeisifu mashua. Mimi nawasifu waliochonga.

Reli iliyotoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo meli zikashuka hadi Kongolo, safari ya zaidi ya kilomita 600. Meli hizo zilikuwa za chuma. Uvuvi na biashara ndogo vilibaki kwenye mbao, na mashua za mbao zilizoungwa zilipoenea, msasa wa karatasi ukawa lazima. Gogo moja halina kiungo. Mashua ya mbao ina viungo kila upande, vinavyotiwa kalafati, vikapigwa rangi, na rangi haishiki kwenye ubao wenye vinyweleo.

Karatasi hiyo nayo ina safari yake. Wachina wa karne ya 13 waligandisha kombe zilizopondwa kwenye ngozi kwa utomvu. John Oakey alianza kutengeneza karatasi ya kioo London mwaka 1833. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alipata silikoni kabaidi katika tanuru ya umeme, na mwaka 1921 kampuni ya 3M ikatoa msasa unaostahimili maji. Kwa mtengeneza mashua huu wa mwisho ni neema kuu: ukisugua rangi iliyokauka kwa maji, vumbi halipandi puani. Vumbi la mninga huwasha pua na linaweza kumletea fundi pumu, kwa hiyo anayesugua ubao mkavu na afunge mdomo na pua.

Kuhusu kuchagua, namba ndogo hutangulia. Anza na 60 kuondoa alama za randa, pita 80, malizia 120 kabla ya rangi. Ukiruka hatua, mikwaruzo ya msasa mkali itajitokeza chini ya rangi. Ubavu mrefu hutaka ubao mrefu unaopinda kidogo, msasa ukiwa umebandikwa chini yake, ukisukumwa kwa mshazari kwa mikono miwili. Ubao huo hukata vilima na kuvuka mabonde. Mashine ndogo ya duara, ikishikwa na asiye na uzoefu, huchimba vishimo ambavyo jicho halivioni mpaka rangi ya kung'aa ipakwe.

Hata hivyo mashine huokoa siku nzima kwenye ubao wa bapa, na nyingi za siku hizi zina betri. Betri za mashine hizo kwa kawaida zina kobalti, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa yake ikichimbwa katika jimbo la Lualaba. Madini hayo husafiri kwa lori hadi bandarini, husafishwa zaidi China, kisha hurudi yakiwa ndani ya kifaa chenye bei ambayo mjenzi wa mitumbwi wa Ziwa Nzilo, karibu na Kolwezi, haimudu kirahisi. Katika mikataba ya migodi huandikwa shule, visima na zahanati kwa ajili ya vijiji. Karakana ya mashua, yenye umeme, msasa wa maji na mashine mbili tatu za kusugulia, ingestahili mstari wake humo.