Nguzo za Mawe na Hukumu Yetu

Karibu na Juni 21 kila mwaka, maelfu ya watu hukusanyika Stonehenge, Uingereza, kulilaki jua la siku iliyo ndefu kuliko zote. Kwetu kusini mwa ikweta, kama vile Lumuma wilayani Kilosa, siku hiyohiyo ndiyo fupi kuliko zote.

Lakini Afrika ya Mashariki nayo ina mawe yake. Karibu na Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana, zimesimama nguzo 19 za Namoratunga. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika kwamba zilielekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana, yapata mwaka 300 K.K. Vipimo vilivyorudiwa baadaye vilitia shaka. Tena, uchimbaji uliotangazwa mwaka 2018 huko Lothagam, penye nguzo za namna hiyo, ulifunua makaburi ya wafugaji ya miaka ipatayo 5,000: watu wasiopungua 580 kwa makadirio, wakubwa kwa watoto, wamezikwa na mapambo yao bila dalili ya ubaguzi wa vyeo.

Basi tusiharakishe kuliita kila jiwe lililosimama sanamu ya wapagani. Kwanza tuulize lilisimamishwa kwa ajili ya nani. Huenda chini yake wamelala wafu waliopendwa.