Kujifungua bila sindano ya ganzi: 'Jikaze' haitoshi, jiandae hivi

Mjamzito akiuliza uchungu ukoje, jibu analopewa mara nyingi ni moja: "Jikaze." Lakini kujikaza siyo maandalizi. Katika vituo vingi vya afya Tanzania, anayejifungua kwa njia ya kawaida hapati sindano ya ganzi ya mgongoni. Kinachomsaidia ni kujiandaa mapema.

Jua uchungu unavyokwenda
Uchungu huja kama wimbi: unapanda, unakolea, kisha unaachia. Mara nyingi wimbi moja halizidi dakika moja na nusu. Kazi yake ni kufungua mlango wa kizazi hadi sentimita 10. Mama mwenye hofu hukaza mwili, na maumivu huyasikia zaidi.

Anza kupumua sasa
Usisubiri siku yenyewe. Kila usiku kabla ya kulala, vuta hewa puani taratibu, kisha itoe mdomoni kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Legeza taya, mabega na vidole. Mwili ukizoea, siku ya leba utakumbuka wenyewe.

Chagua wa kukaa naye
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 unapendekeza kila mama awe na mtu amtakaye wakati wa uchungu. Awe mume, mama au dada, afundishwe mapema kukanda kiuno na kukumbusha kupumua.

Usilale chali muda wote
Kama mkunga hajakukataza, tembea, chuchumaa, au inama ukishika kitanda. Kitambaa chenye maji ya moto kiasi kiunoni nacho kinatuliza. Kunywa maji au uji mwepesi ukiruhusiwa, na nenda haja ndogo mara kwa mara. Usisukume kabla mkunga hajathibitisha kuwa njia imefunguka yote.

Achana na dawa za kuongeza uchungu
Mitishamba ya "kuharakisha" inaweza kubana kizazi kupita kiasi, kikapasuka au mtoto akakosa hewa. Ukishatumia, mwambie mkunga bila kuficha.

Hapa usijikaze
Wahi hospitali mara moja ukiona:
- damu inatoka nyingi
- kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu
- homa au degedege
- chupa imepasuka, hasa maji yakiwa ya kijani
- tumbo linauma bila kuachia
- mtoto amepunguza kucheza

Kuomba dawa ya maumivu au kupelekwa upasuaji siyo kushindwa. Ni sehemu ya kujifungua salama.

Kliniki ijayo, uliza mambo matatu: msindikizaji anaruhusiwa leba? Naweza kutembea na kubadili mkao? Dharura ikitokea usiku, nitapelekwa wapi na kwa usafiri gani? Swali la tatu lisibaki kwa mama peke yake. Namba ya dereva na nauli viwe tayari nyumbani kabla uchungu haujaanza.