Ikhlasi

Unguja, ambako mwanamke akiinuka ukumbini kwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu penye ubeti uliomkuna, kila jicho humtafuta aliyekusudiwa, neno ikhlasi limekuwa zito kutamkika. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni moja na la halisi, kitu kisichochanganyika na kingine. Basi vipi msemaji athibitishe kuwa kauli yake haina mchanganyiko, mbele ya watu waliolelewa kuonja kila kauli kabla ya kuimeza? Mwambie jirani, “Hongera shoga, nyumba imependeza,” naye, badala ya kushukuru, atapima sauti yako, atakumbuka mlivyoachana harusini, kisha atawauliza wengine ulikusudia nini. Ukiongeza, “Wallahi nasema kwa dhati,” umejiharibia zaidi, kwani mwenye kurusha kijembe naye huapa vivyo hivyo.

Silaumu mafumbo, ambayo yamewasitiri wengi wasioruhusiwa kunena waziwazi, wanawake hasa. Na mipasho iliyovuma miaka ya 1990 (nami huisikiliza, sikatai) ni tawi lake lenye sauti kubwa tu. Ila sitara ifunikayo hasira hufunika na mapenzi. Ndiyo maana wenye busara hupeleka zawadi ya doti ya kanga pasi na maneno mengi, ingawa hata hapo humchosha muuza duka wa Darajani, wakikataa jina hili na lile lililoandikwa kangani, hadi lipatikane ambalo mwenye dhana mbaya hawezi kuligeuza.